Sura na Sura: Gazeti la LensWork, Mazungumzo ya Mhariri Wake, na Picha za Mang'ola

Katika Kiswahili neno "sura" lina maana mbili ambazo asili zake ni mbalimbali. Sura ya kwanza ni uso wa mtu au umbo la kitu. Sura ya pili ni fungu la kitabu. Katika Kiarabu maneno hayo ni mawili, na kila moja lina herufi yake ya kuanzia, la kwanza swadi na la pili sini. Lakini yalipoingia katika kinywa cha Mswahili yalikutana yakawa neno moja. Katika mzizi wa lile la kwanza limepatikana pia neno "taswira". Mkutano huo ni wa bahati tu, wala haufai kuwa hoja ya mwanaisimu. Walakini wafaa sana kumwongoza mtu atakaye kulipima gazeti la LensWork, maana kazi ya gazeti hilo, kwa muda wa zaidi ya miaka 30, imekuwa ni kuzitwaa sura za aina ya kwanza na kuzifanya ziwe sura za aina ya pili.

LensWork lilianzishwa huko Marekani mwaka 1993 na Bwana Brooks Jensen pamoja na Bibi Maureen Gallagher. Baadaye makao yake yakawa katika mji mdogo wa Anacortes, jimbo la Washington. Ni gazeti dogo kwa kimo, laweza kushikwa kwa mkono mmoja kama kitabu cha hadithi, na uchapaji wake ni wa uangalifu mwingi. Tangu mwanzo limejulikana hasa kwa picha nyeusi na nyeupe, ingawa rangi nayo imepewa nafasi baadaye. Msomaji aliyezoea magazeti mengine ya wapiga picha atashangazwa kwanza na yale asiyoyakuta humo. Gazeti hili halikujengwa juu ya sifa za kamera mpya, wala hesabu za lenzi, wala mashauri ya kununua vyombo. Mahali pa mambo hayo mpiga picha mmoja hupewa kurasa nyingi mfululizo, na picha zake hupangwa moja baada ya nyingine juu ya jambo moja alilolishughulikia kwa muda mrefu, pamoja na maneno yake machache ya kueleza jinsi alivyoifikia kazi hiyo.

Hapo ndipo ilipo fadhila kubwa ya gazeti. Picha moja, hata iwe nzuri namna gani, ni kama methali iliyotamkwa bila kisa: yapendeza, yakumbukwa, lakini yaweza kuchukuliwa na kila mtu kwa maana aitakayo. Picha kumi na mbili zilizopangwa kwa akili zaanza kusimulia. Ya pili humsahihisha mtu aliyedhani ameielewa ya kwanza, na ya mwisho humrudisha mwanzo. Mwaka 2016 mhariri alitoa kitabu kiitwacho "Seeing in SIXES", ambamo kila mshiriki alipewa nafasi ya picha sita tu. Mtu aliyesoma mashairi ya Kiswahili hatalistaajabia sharti hilo. Kama vile mizani kumi na sita ya mshororo imlazimishavyo mshairi kuacha maneno yasiyo na kazi, ndivyo na idadi ya sita imlazimishavyo mpiga picha kuziacha picha anazozipenda kwa sababu tu alipata taabu kuzipiga. Sharti halimfungi msanii. Humwonyesha ni kipi alichokuwa anataka kusema.

Pamoja na gazeti hilo, mhariri amejenga kazi ya pili ambayo yastahili kupimwa peke yake, nayo ni podikasti, yaani mazungumzo yarekodiwayo na kusambazwa kwa intaneti ili kila mtu ayasikilize kwa wakati wake. Jina lenyewe la kazi hiyo halina umri mkubwa, maana lilianza kutumika kwa Kiingereza mwaka 2004. Bwana Jensen alikuwa miongoni mwa wahariri walioishika njia hiyo mapema, na vipindi vyake sasa vimepita elfu moja. Kwa kawaida ni vifupi, dakika chache tu kila kimoja. Waliosikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam zamani watakumbuka "Mazungumzo Baada ya Habari": sauti moja, jambo moja, na mwisho wake huja kabla msikilizaji hajachoka. Tofauti ni kwamba mazungumzo yale yalikuwa ya siasa na ya taifa zima, na haya ni ya fundi mmoja na mafundi wenzake.

Uzuri wa mazungumzo haya ni kwamba msemaji huanza na jambo dogo, kisha akaligeuza taratibu mpaka likaonyesha upande ambao haukutazamiwa. Huuliza kwa nini mtu hupiga picha nyingi na humaliza chache. Huuliza ni nani atakayezitazama, na kama mtengenezaji alipata kumfikiria mtazamaji huyo. Kitabu chake cha mwaka 2004, "Letting Go of the Camera", chaeleza kwa jina lake tu msimamo huo: siku hufika ambapo msanii hana budi kukiachia chombo ili akumbuke alikishika kwa sababu gani. Lugha yake haina maneno makubwa. Katika taaluma ambayo wachambuzi wake wengi hupenda kuandika kwa giza, huyu husema kwa mwanga, na msikilizaji aliye mbali na vyuo haachwi nje ya mlango. Sifa hiyo si ndogo. Wenye kuandika juu ya sanaa kwa Kiswahili, ambao mara nyingi huikimbilia istilahi kabla hawajalitazama jambo lenyewe, wangefaidika kwa kuisikiliza mifano ya namna hiyo.

Lakini mafundisho hayapimwi mahali yalipozaliwa tu. Hupimwa vizuri zaidi mahali ambapo hayakutazamia kufika. Mahali pa namna hiyo ni Mang'ola, katika wilaya ya Karatu, kando ya ziwa Eyasi, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro. Ni bonde la joto, lenye ziwa la magadi upande mmoja, na chemchemi za maji matamu upande mwingine. Na kwa ajili ya chemchemi hizo watu wa makabila mengi wamekutana hapo. Kwa mwanaisimu mahali hapo ni hazina. Katika mwendo wa siku moja kwa miguu mtu aweza kusikia Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Kidatoga, ambacho ni cha Kinailoti. Kiisanzu na lugha nyingine za Kibantu. Na Kihadza, chenye sauti za kidoko, ambacho wataalamu hawajathibitisha undugu wake na lugha yoyote nyingine. Juu ya zote kimetanda Kiswahili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikaa Mang'ola katika miaka ya 1960, na mwaka 1969 mmoja wao, Bwana Ishige Naomichi, alichapisha makala juu ya kuswahilika kwa watu wa huko. Ni dhahiri basi kwamba Mang'ola ni mahali pa mazungumzo tangu zamani.

Hata hivyo, katika picha Mang'ola ni bubu. Wageni wenye vyombo vya kupigia picha wamekuja bondeni humo kwa vizazi kadhaa. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alifanya safari zake kando ya Eyasi katika miaka ya 1930, na vitabu vyake vikawaonyesha watu aliowaita Watindiga kwa wasomaji wa Ulaya. James Woodburn alianza uchunguzi wake mwaka 1958, na mwaka 1966 ikatoka filamu aliyoitengeneza pamoja na Sean Hudson juu ya jinsi Wahadza wanavyotafuta chakula. Desemba 2009 gazeti la National Geographic lilitoa makala ya Michael Finkel pamoja na picha za Martin Schoeller, nazo zikasambaa duniani kote. Baada ya hapo zimekuja picha zisizohesabika za watalii. Mgeni hutoka Karatu alfajiri, hulipa ada, huongozwa hadi kambini, huwafuata wawindaji kwa saa mbili tatu, hupelekwa kwa wahunzi wa Kidatoga wanaofua vigumba vya mishale na bangili za shaba, na kabla ya jua kuwa kali amekwisha rudi barabarani.

Si haki kuzitia picha zote hizo katika kapu moja. Picha za Woodburn na mwenzake zilitokana na ujuzi wa lugha na wa miaka. Za Schoeller zina ustadi wa mwanga ambao hakuna awezaye kuukana. Lakini aghalabu jambo moja hurudi. Zionyeshwapo mbali na kwao, picha hizo husimama moja moja. Mwindaji na upinde wake. Mzee na kiko chake. Mtoto na asali. Na chini ya picha huwekwa maneno yaleyale: kabila la mwisho, watu wa kale, binadamu wa mwanzo. Mtu huyo aliyesimama mbele ya lenzi alizungumza Kihadza na mwenzake, Kiswahili na mwongozaji, na labda Kidatoga na mhunzi, katika asubuhi hiyohiyo moja. Lakini maelezo ya picha yamemfanya kuwa asiye na la kusema. Hata jina la kabila hukosewa. Katika Kihadza kiishio cha neno "Hadzabe" chenyewe ni cha wingi. Kwa hiyo asemaye "Wahadzabe" ametia wingi juu ya wingi. Ni kosa dogo, lakini laonyesha kuwa mwandishi wa maelezo hakuuliza.

Na yale yasiyopigwa picha je? Mang'ola ya leo ni nchi ya vitunguu. Maji ya chemchemi huongozwa kwa mifereji mpaka kwenye majaruba. Miche hutolewa katika vitalu ikapandwa kwa mkono. Na wakati wa mavuno magunia ya lumbesa hupangwa kando ya barabara ya Barazani yakingoja malori. Kitunguu hicho huliwa Arusha, Dar es Salaam na hata Nairobi. Kuna ugomvi wa zamu za maji, kuna madalali, kuna vibarua waliotoka mbali, na wamo Wahadza pia ambao hufika mashambani na sokoni kama watu wengine. Aidha mwaka 2011 jamii ya Wahadza wa upande wa pili, bonde la Yaeda katika wilaya ya Mbulu, ilipata hati ya haki miliki ya kimila juu ya ardhi yake. Watu wenye hati, ramani na mipaka si watu wa mwanzo wa dunia. Ni wananchi wa karne hii wenye kesi ya ardhi kama wananchi wengine. Mtu aliyeziona picha za mwindaji peke yake hawezi kuyajua hayo, na asiyeyajua hawezi kuelewa ni kwa nini mwindaji huyo leo hukaa nyumbani bila nyama. Ndipo lionekanapo dhara la sura isiyokuwa na sura nyingine ya kuifuata.

Kwa upande huu mafundisho ya LensWork yashinda mtihani. Yangesikizwa, mgeni wa asubuhi moja angejua kwamba hajapata kazi bado, bali amepata ukurasa wa kwanza tu. Angelazimika kurudi, na kila arudipo angeona kwamba upinde hauelezeki bila mhunzi, wala mhunzi bila chuma chakavu kitokacho mjini, wala mji bila kitunguu, wala kitunguu bila maji, wala maji bila msitu wa Ngorongoro ulio juu. Mpango wa picha ungekuwa mpango wa fikira. Hakuna sheria ya adabu ya utalii iwezayo kufanya kazi hiyo vizuri kama sharti la fundi mwenyewe: kamilisha jambo, usiokote vipande.

Lakini liko jambo moja ambalo gazeti na mazungumzo yake hayakulifikia vya kutosha, na Kiswahili chaweza kulionyesha. Katika Kiingereza mwenye kamera "huchukua" picha, na kitenzi kingine kitumiwacho ni kile cha kufyatua bunduki. Siku hizi wako Waswahili pia wasemao "kuchukua picha", kwa kuiga. Kiswahili chenyewe husema "kupiga picha". Kupiga huku si kwa fimbo. Ni kule kwa "kupiga pasi" na "kupiga chapa", kitenzi kilichopunguza uzito wake ili kibebe nomino ya baada yake. La ajabu ni nani awezaye kuwa mtendaji wake. Mtu aliyekwenda katika chumba cha mpiga picha, akakaa kitini na kurekebisha kanzu yake, hurudi nyumbani akasema: "Nimepiga picha." Hakushika kamera, wala hakukosea. Ndivyo walivyosema wateja wengi wa Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, na wateja wa vyumba vya namna hiyo Mombasa, Tanga na Dodoma. Alichagua nguo, alichagua jirani wa kusimama naye, alilipa, akaichukua nakala yake akaitundika ukutani. Picha ilikuwa kazi yake naye pia. Lakini mtu aliyeshtukizwa njiani husema: "Nimepigwa picha." Kiswahili basi kimeweka mpaka kati ya sura iliyotolewa na sura iliyotwaliwa, na mpaka huo umo katika sarufi yenyewe.

Ukiwekwa mbele ya mizani hiyo, mtindo wa LensWork waonekana kuegemea upande mmoja. Maneno yaambatanayo na picha ni ya mpiga picha. Mazungumzo ya mhariri ni ya safari ya msanii, hofu zake, uvivu wake na furaha yake. Hayo yana manufaa, na ni haki ya gazeti la wapiga picha kuwashughulikia wapiga picha. Kama picha ni ya mwamba au ya mti, hapana lawama, maana mwamba haudai neno. Lakini ikiwa ni ya mtu, basi mfululizo wa picha kumi na mbili wenye sauti ya mmoja tu waweza kuwa kitabu kizuri ambacho mhusika wake hajui kwamba kimeandikwa. Kumkomboa msanii katika utumwa wa vyombo ni jambo jema. Lakini aliyeiachia kamera ana mikono miwili mitupu, na yafaa kuulizwa ampe nani mkono.

Kwamba jambo hilo lawezekana, uko mfano karibu. Kitabu "Hadzabe: By the Light of a Million Fires", kilichochapwa na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, ni kazi ya Daudi Peterson pamoja na Richard Baalow, ambaye ni Mhadza, na Jon Cox, ambaye ni mpiga picha. Ndani yake picha hazikuachwa ziseme peke yake, wala hazikusemewa na mgeni peke yake. Historia, hadithi na madai ya ardhi ya Wahadza yameingia pamoja na nyuso zao. Yaweza kulalamikiwa kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza, hali watu wa bondeni ambao si Wahadza, na Wahadza wenyewe wanaojua kusoma, wangekisoma kwa wepesi zaidi kwa Kiswahili. Lakini njia yake ni sahihi, na wahariri wa magazeti ya sanaa wangefanya vyema kuitazama.

Mtu atakayeziunganisha fadhila za pande mbili hizi atakuwa ametenda jambo kubwa. Na achukue sharti la picha sita, akae Mang'ola msimu mmoja wa vitunguu. Picha ya kwanza iwe chemchemi; ya pili mfereji na mwenye zamu yake; ya tatu gunia la lumbesa na mikono iliyolishona; ya nne mivukuto ya mhunzi wa Kidatoga; ya tano Mhadza mahali apendapo yeye kuonekana, iwe porini, darasani au mnadani; ya sita ziwa lenyewe wakati limekauka. Kisha chini ya kila picha yaandikwe maneno ya aliyesimama ndani yake, kwa lugha yake na kwa Kiswahili, na jina lake ikiwa amelitoa kwa hiari. Na kwa kuwa simu ya mkononi yaweza kurekodi sauti kama iwezavyo kurekodi picha, mazungumzo ya dakika tano tano yaweza kufuatana nayo, yakasikilizwa Barazani kabla hayajasikilizwa mahali pengine.

LensWork na mhariri wake wamewafundisha wapiga picha wa nchi nyingi kwamba uso mmoja si kitabu. Somo hilo ni la kweli, nalo limetolewa kwa subira, kwa sauti ya upole na kwa uchapaji wa kuheshimika. Lililobaki ni somo la pili, kwamba sura ya kitabu cha watu huandikwa pamoja na watu. Siku ambayo mzee wa Mang'ola ataishika nakala mkononi na kuwaambia wajukuu zake, "Hii picha nilipiga mimi," naye ndiye aliyemo ndani yake, hapo kazi itakuwa imekamilika.